JOSM na Kazi ya Kuingiza Vituo Rasmi vya Matatu Kwenye Ramani Huria: Tathmini Kutoka Kisumu

Yeyote aliyewahi kukabidhiwa na ofisi ya umma orodha ya vituo vya magari, kisha akataka kuihamishia kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wanaojitolea, anajua kwamba kuipakia mtandaoni ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi yenyewe ni kuamua, kituo kwa kituo, ikiwa nukta iliyo kwenye orodha ndiyo steji ambayo wenyeji wamekwisha kuichora, ikiwa ni steji mpya, au ikiwa ni mahali ambapo hakuna matatu iliyowahi kusimama. Programu ninayoitathmini hapa ni JOSM, ya kuhariri ramani hiyo kwenye kompyuta, pamoja na viendelezi vyake viwili (programu ndogo za nyongeza) vinavyohitajika kwa kazi hiyo: OpenData, kinachofungua mafaili ya ofisini, na Conflation, kinacholinganisha data ngeni na ile iliyopo. Nimeitumia kwa steji za Kisumu na za barabara inayopanda kwenda Kakamega, na msimamo wangu nautoa mapema. Sijapata programu nyingine ya bure inayomkinga mchoraji kiasi hiki dhidi ya orodha yenye kasoro. Hata hivyo, inapima kwa umbali mahali ambapo sisi tunapima kwa jina, na mtu asiyezijua steji hizo anaweza kuharibu ramani nzuri huku programu ikimwonyesha kwamba kila kitu kimeoana.

JOSM haivutii macho. Imeandikwa kwa Java, inagawiwa bure chini ya leseni huria, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na dirisha lake la kwanza limejaa vitufe ambavyo mgeni hatavielewa upesi. Anayetaka kuongeza duka la jirani au kanisa la mtaani na atumie iD, kihariri kinachofunguka ndani ya kivinjari. Lakini kwa data nyingi zinazoletwa kwa mkupuo, JOSM ina tabia zinazofaa sana mazingira yetu. Ukishapakua data ya eneo unalotaka, unaweza kufanya kazi nje ya mtandao kwa saa nyingi bila kumaliza bando, mradi tu usiache picha za setilaiti zikijipakua kila unaposogeza ramani. Vilevile inajiwekea nakala yenyewe kila baada ya muda, hivyo stima ikipotea jioni kabla hujahifadhi chochote, ukiiwasha tena itakuuliza kama irejeshe kazi uliyokuwa ukiifanya. Kwa watu wanaojitolea usiku baada ya kazi zao za mchana, hilo si jambo dogo.

Orodha za ofisini huja kwa kawaida kama jedwali la CSV au kama shapefile, yaani faili la data za ramani, na kiendelezi cha OpenData hufungua zote mbili. Ni katika hatua hii ambapo magharibi mwa Kenya hukutana na matatizo yake yenyewe, na ningependa kukaa hapa kidogo kwa sababu ndipo nilipoona thamani ya programu hii.

Kwanza ni ikweta, ambayo hupita Maseno. Kisumu mjini iko kusini mwa ikweta kwa takriban sehemu moja ya kumi ya digrii, kwa hiyo latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa, ilhali Luanda, Mbale, Chavakali na Kakamega ziko kaskazini na hazina alama hiyo. Jedwali lililopita mikononi mwa makarani kadhaa hupoteza alama ya kutoa kwa urahisi, hasa mtu anaponakili safu kutoka jedwali moja hadi jingine. Matokeo yake ni kwamba steji ya Kondele inaruka kama kilomita 18 kuelekea kaskazini na kuangukia maeneo ya Vihiga, karibu na Mbale. Kwa kuwa Mbale nayo ina steji zake halisi, na ziko kwenye orodha hiyo hiyo, kosa hilo halijitangazi kama ambavyo lingejitangaza endapo nukta ingeangukia katikati ya ziwa. Unaziona tu steji zimesongamana mahali ambapo zingetarajiwa kuwepo chache.

Pili ni mfumo wa viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali kituo kilipo. OpenStreetMap hutumia WGS84, mfumo ule ule wa GPS ya simu. Ramani rasmi za Kenya kwa miongo mingi zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na data zilizotokana na ramani hizo mara nyingi huja kwa mita badala ya digrii. Ukizichukua namba za Arc 1960 na kuzisoma kana kwamba ni WGS84, kila kituo kitahama takriban mita 300, karibu zote kuelekea kaskazini. Mita 300 ni umbali wa hatari kuliko kilomita 300. Kilomita 300 zingeonekana na kila mtu, lakini mita 300 katikati ya Kisumu zinakutoa barabara moja na kukuweka kwenye nyingine, na nukta bado inaonekana imekaa kando ya lami kwa heshima zake zote.

JOSM haikubali kupuuza suala hili. Faili isipoeleza mfumo wake, OpenData inakutaka uuchague kabla ya kuonyesha nukta hata moja, na baada ya hapo nukta zinakaa kwenye tabaka lake peke yake, mbali na data ya ramani, ili uziangalie juu ya picha za setilaiti bila kugusa kitu cha mtu. Njia yetu ya kuhakikisha ilikuwa kuchagua vituo ambavyo hakuna mkaaji wa Kisumu anayeweza kuvikosea, kwa mfano vile vya mzunguko wa Kisumu Boys na vya Kibuye karibu na soko, na kupima vimehama kwa kiasi gani na kwa upande upi. Vikihama vyote kwa mwelekeo mmoja, tatizo ni mfumo wa viwianishi, na linaondoka kwa kufungua faili upya. Vikihama kila kimoja kivyake, tatizo ni aliyekusanya data, na hapo hakuna kitufe kitakachokusaidia.

Sasa tufike kwenye Conflation chenyewe. Unakipa matabaka mawili: lile la orodha rasmi, na lile la data iliyopo kwenye ramani. Unaweka umbali wa juu unaokubalika, nacho kinakurudishia makundi matatu. Kuna vituo vilivyopata wenza, vituo vilivyo kwenye orodha rasmi pekee, na vituo vilivyo kwenye ramani pekee. Unapobofya jozi moja, ramani inakupeleka mahali pake, unaona nukta zote mbili zikiwa zimeunganishwa kwa mstari, na unaamua. Utaratibu huu ni mzuri kwa kiwango ambacho natamani kila anayezungumzia kuingiza data kwa roboti angekaa mbele yake kwa saa moja. Hakuna kinachoingia bila jicho la binadamu kukipitia, isipokuwa wewe mwenyewe umechagua vyote kwa pamoja na kubonyeza kitufe kwa haraka.

Udhaifu wake unaonekana Kondele. Pale barabara kuu inapita juu ya daraja, huku matatu, tuktuk na bodaboda zikigombania nafasi chini na kandokando, na steji za kuelekea Mamboleo, Manyatta na mjini ziko karibukaribu sana. Kiendelezi kinaona nukta zilizo karibu na kuzioanisha kwa umbali. Hakijui kwamba nukta moja ni ya magari yanayokwenda mjini na nyingine ni ya yanayotoka huko. Shida hiyo hiyo inajirudia kwa kila steji yenye pande mbili. Orodha tuliyokuwa nayo iliweka nukta moja katikati ya barabara kwa steji nzima, ilhali kanuni ya OpenStreetMap ni kuweka nukta mbili, kila moja kando ya barabara mahali abiria wanaposimama. Conflation huoanisha nukta rasmi na ile moja iliyo karibu zaidi, kisha ile ya upande wa pili inaangukia kwenye kundi la vituo vilivyo kwenye ramani pekee, kana kwamba serikali haiitambui. Mgeni akiona kundi hilo limejaa anaweza kudhani ni takataka za wachoraji wasio makini na kuzifuta. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vituo vilivyo katika kundi hilo ndivyo vilivyochorwa na watu waliokuwa wamesimama hapo wakiwa na simu mkononi.

Mipangilio miwili inapunguza madhara. Kuna kisanduku kinachoamua iwapo nukta iliyopo itahamishiwa mahali palipotajwa na orodha mpya. Kiondolee alama, mahali palipopimwa na mwenyeji pabaki palipo. Kuna pia orodha ya lebo, yaani maelezo yanayoambatanishwa na kila nukta kama vile jina lake, zitakazounganishwa. Ruhusu zile tu unazozihitaji, kwa upande wetu ikiwa ni namba ya kituo na jina rasmi.

Suala la majina linastahili nafasi yake, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu ina jina rasmi refu, Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital, nalo ndilo linaloandikwa kwenye orodha za ofisini. Lakini abiria wa Kisumu anayeshuka hapo humwambia makanga, "Nishukishe Russia," kwa sababu hospitali hiyo ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti na jina limebaki midomoni mwa watu hadi leo. Ramani inayomwonyesha mgeni jina ambalo makanga halitumii haimfikishi mgonjwa hospitalini. OpenStreetMap ina nafasi kwa majina yote mawili: name kwa jina linalotumika, official_name kwa jina la ofisini, na loc_name kwa jina la wenyeji pale panapohitajika. JOSM inaheshimu lebo hizi zote. Tatizo ni kwamba majina mawili yanapogongana wakati wa kuunganisha, dirisha la migongano linakupa chaguo la kuyachukua yote, na ukilichagua linayaweka kwenye lebo moja yakitenganishwa na nukta mkato. Nimekwisha kuona steji kwenye ramani zikiwa na majina ya namna hiyo, moja likiwa la ofisini na jingine la mtaani, yamebandikwa pamoja, na programu ya simu ikiyasoma kwa sauti moja baada ya jingine kama jina moja refu lisilotamkika. Chaguo hilo lingefaa liondolewe kabisa kwa lebo ya name, au walau litoe onyo kali. Kwa sasa ni juu ya mchoraji kufungua kila mgongano na kuamua jina lipi linakwenda wapi, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyepanda matatu za njia husika.

Wapo wanaouliza kwa nini tusubiri ukaguzi ikiwa orodha imetoka serikalini. Uingereza inatoa jibu zuri. Nchi hiyo ina hifadhidata ya kitaifa ya vituo, NaPTAN, yenye mamia ya maelfu ya vituo, na mwaka 2009 wachoraji wa huko walianza kuiingiza kwenye OpenStreetMap, eneo kwa eneo. Hifadhidata hiyo yenyewe inakiri kwamba vituo si vya aina moja: inatenganisha vile vyenye nguzo au alama barabarani na vile vinavyojulikana kwa mazoea tu, ambapo basi husimama bila alama yoyote. Tena wachoraji waliviwekea vituo walivyoviingiza lebo inayosema kwamba havijathibitishwa, ili mwenyeji akipita na kukiona kituo aiondoe. Miaka mingi baadaye, vituo vingi bado vina lebo hiyo. Hivyo ndivyo mambo yalivyo katika nchi ambayo vituo vingi vina nguzo na ratiba iliyobandikwa. Kwetu, steji nyingi ni za mazoea. Kinachoonyesha kwamba hapa ni steji ni bodaboda zilizopangwa zikisubiri wanaoshuka, kibanda cha M-Pesa, mama anayeuza ndizi, na sauti ya makanga. Barabara inapopanuliwa, wahandisi hujenga sehemu pana kando ya lami ili magari yasimame humo, na orodha rasmi huzirekodi sehemu hizo kama vituo; lakini mara nyingi matatu huendelea kusimama penye njia panda ile ile ya zamani, kwa sababu ndipo abiria wanapotokea. Ramani ya jamii inapaswa kuonyesha pale abiria anapopata gari. Sehemu iliyojengwa inaweza kurekodiwa, lakini isifute steji inayotumika.

Kwa hiyo nimekuja kuona kwamba JOSM ni nusu ya kazi, na nusu nyingine iko barabarani. StreetComplete, programu ya Android inayomuuliza mtu maswali kuhusu mahali alipo, inaikamilisha vizuri. Ukiwa umesimama karibu na steji iliyo kwenye ramani bila jina, inakuuliza inaitwaje. Inakuuliza kama kuna kibanda cha kujikinga na mvua, kama kuna benchi. Haihitaji ujuzi wowote wa lebo. Nairobi nayo ilionyesha tangu mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na ambao ramani yake ilitolewa mwaka 2014, kwamba data bora ya matatu hupatikana kwa kupanda matatu zenyewe ukiwa na simu, kisha kuipanga katika muundo wa GTFS ambao mifumo ya safari duniani kote inauelewa.

Jambo moja ambalo JOSM haiwezi kukusaidia hata kidogo ni ruhusa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa Mkenya haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, lakini kupewa habari si sawa na kuruhusiwa kuitoa upya chini ya ODbL, leseni huria ya hifadhidata ambayo OpenStreetMap inaitumia tangu mwaka 2012. Ofisa akikwambia kwa mdomo, "Chukua tu, ni ya wananchi," mshukuru, kisha mwombe aandike barua. Bila barua hiyo, kazi yote ya miezi inaweza kufutwa kwa siku moja, na itakuwa imefutwa kwa haki. Kanuni za kuingiza data pia zinadai uwaeleze wachoraji wengine mpango wako kabla ya kuanza, na utumie akaunti tofauti na ile yako ya kawaida. Kuna watu wanaoona haya kuwa urasimu. Mimi nayaona kuwa heshima kwa waliotutangulia kuchora Manyatta na Nyalenda nukta kwa nukta.

Katika kupakia, JOSM haina lawama. Kikomo cha mfumo ni mabadiliko 10,000 kwa mkupuo mmoja, lakini haifai hata kukikaribia. Gawa kazi kwa njia za magari: leo mjini hadi Mamboleo, kesho mjini hadi Nyamasaria, kila mkupuo ukiwa na maelezo yake na chanzo chake. Kikaguzi cha ndani kinapitia kila kitu kabla ya kupakia na kukuonyesha nukta zilizorudiwa au lebo zilizoandikwa vibaya, na kukitokea kosa, kiendelezi cha kurejesha kinaweza kuondoa mkupuo mmoja bila kugusa mingine.

Ipo njia mbadala, OSM Conflator ya Ilya Zverev, iliyoandikwa kwa Python. Ina nguvu zaidi kwa orodha inayosasishwa mara kwa mara, kwa sababu hukumbuka namba ya kila kituo na kulinganisha upya toleo jipya likitoka. Kama kaunti ingekuwa ikichapisha orodha yake kila baada ya miezi michache, ningeichagua hiyo bila kusita. Lakini inahitaji mtu anayeweza kuandika msimbo, na kwa orodha inayokuja mara moja kisha ikakaa kimya kwa miaka, JOSM inatosha na inawashirikisha watu wengi zaidi.

Wenzetu wa Nakuru wanaofikiria kazi kama hii wana kikwazo ambacho sisi wa Kisumu hatuna. Data rasmi za mita hugawanywa kwa kanda, yaani vipande vya dunia vya digrii sita za longitudo ambavyo kila kimoja kina hesabu yake ya mita, na mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya digrii 36 mashariki, ambayo hupita kati ya Njoro na mji wa Nakuru. Matatu ya kutoka Njoro kwenda mjini inauvuka mpaka huo katika safari moja fupi, na orodha iliyochanganya kanda mbili ndani ya safu moja itarusha baadhi ya steji zaidi ya kilomita 600 kutoka mahali pake. Ombeni orodha ikiwa katika digrii za WGS84 tangu mwanzo, iwe na tarehe iliyokusanywa, na kabla ya kukifungua kiendelezi cha kulinganisha, hakikisheni kwanza steji za Njoro zimekaa Njoro.